Mtungi wa Kijapani unalowa, unatoa unga, unavuma usiku: dalili na vyanzo vyake

Mtungi wangu una kimo cha sentimita 41. Bega moja limelegea kuliko la pili, na mdomoni pana pengo la kuingia kidole gumba. Niliununua Kyoto, kwenye gulio la hekalu la Toji linalofanyika tarehe 21 ya kila mwezi, kwa mzee aliyekuwa ameufunika kifudifudi na kuukalia. Alisema ni wa Shigaraki, ni wa siku nyingi, na "una mambo yake". Kwa hilo la mwisho hakunidanganya.

Ninayoandika hapa ni hayo mambo yake. Mengi yaliyonikosesha usingizi mwaka wa kwanza hayakuwa na ubaya wowote, na yale mawili yaliyokuwa mabaya kweli niliyaleta mimi.

Kwa wasioufahamu: Wajapani huuita tsubo, na mtu wa pwani akiuona angesema kasiki. Shigaraki ni mji wa milimani mkoani Shiga, kusini mwa Ziwa Biwa. Udongo wake ni mashapo ya ziwa hilo la kale, na umejaa punje za feldispa na kwatsi, nyingine kubwa kama mbegu za papai. Mitungi imekuwa ikichomwa huko tangu karne ya 13, katika matanuri marefu yaliyochimbwa ubavuni mwa kilima, kwa kuni, siku kadhaa mfululizo. Ilikuwa mitungi ya kazi: mbegu, majani ya chai, nafaka, maji. Mwaka 2017 Shigaraki, pamoja na Seto, Tokoname, Echizen, Tamba na Bizen, maarufu kama matanuri sita ya kale, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Japani. Kama wako ni wa Bizen au Tamba, karibu yote yaliyomo humu yanakuhusu. Kama ni wa kauri nyeupe yenye michoro ya buluu, hilo ni jambo jingine.

Kabla hujauliza "utapona vipi?", uliza alama unayoiona ni ya nani. Zipo za tanuri, zilizozaliwa na mtungi. Zipo za kazi, zilizoachwa na waliokuwa wakiutumia. Na zipo za nyumbani kwako, za wiki iliyopita. Hizi za mwisho tu ndizo za kukimbilia.

Chini pamelowa

Hili ndilo lililonikuta kwanza. Ilikuwa Juni, msimu wa mvua, maua ya ajisai yamejaa kila kona. Nikajaza maji nusu mtungi, nikatia mashina matatu, nikaenda kulala nikijiona mstaarabu. Asubuhi nilikanyaga tatami nikasikia chwa, soksi ikalowa. Mtungi ulipoinuliwa pakabaki duara la maji, na baada ya wiki duara likawa jeusi. Tatami ni mkeka mzito wa nyasi ya igusa. Ukungu ukishaingia humo hautoki, na mwenye nyumba wangu hakuona ustaarabu wowote ndani yake.

Maji nje ya mtungi yana vyanzo vitatu, na kila kimoja kina tabia yake.

Cha kwanza si kuvuja kabisa. Ni jasho la hewa. Ukimimina maji ya baridi siku yenye unyevu, umande hutanda sehemu yote ya nje mpaka pale maji yalipofikia, sawasawa pande zote. Weka glasi ya maji yaleyale kando yake. Glasi ikitoa jasho na mtungi ukatoa jasho, hali ya hewa ndiyo ya kulaumiwa.

Cha pili ni kupenya. Mitungi yetu ya maji ya kunywa hupenyeza maji na tunaishukuru kwa hilo, maana jasho likikauka maji hupoa. Ile huchomwa kwa moto mdogo. Mtungi wa Shigaraki umepita nyuzi 1,200 hivi, na udongo wa moto huo hushikana karibu kama jiwe. Sasa maji hupita wapi? Penye mawe. Punje ya kwatsi au feldispa iliyo karibu na uso hupasuka tanurini na kuacha kishimo chenye miale kama nyota. Wajapani huita ishihaze, yaani mpasuko wa jiwe, na hulipa zaidi kwa mtungi wenye nyingi. Nyingine zimetoboa karibu unene wote wa ukuta. Pia mitungi hii ilijengwa kwa kuzungusha mikunjo ya udongo mmoja juu ya mwingine, na pale mikunjo miwili ilipokutana kizembe hapazibi vizuri. Dalili ya kupenya ni doa jeusi linalokua taratibu, kwanza kuzunguka jiwe au kama mkanda wa ulalo tumboni, bila tone lolote kuanguka kwa saa kadhaa.

Cha tatu ni ufa. Huu huonekana kama uzi wa maji, na tone hukusanyika mwisho wake wa chini.

Kupima ni rahisi, ila kunataka subira. Acha mtungi ukauke siku tatu. Utandikie karatasi nyeupe juu ya sinia, si juu ya tatami. Tia maji yaliyokaa chumbani tangu jana, ili yasiwe baridi. Piga picha kila baada ya saa moja, pande nne. Usichore alama ya kalamu juu ya udongo mtupu, hata ya penseli, kwa sababu haitoki. Wangu ulianza kulowa baada ya saa mbili, sehemu mbili, zote penye jiwe lililopasuka karibu na kitako.

Dawa yake haigusi mtungi. Ndani unawekwa mkebe mwembamba wa shaba au kipande cha mwanzi chenye kitako, ambao wapanga maua wa Japani huuita otoshi, na maji hukaa humo. Bibi jirani yangu, aliyefundisha kupanga maua kwa miaka mingi, aliniletea wa kwake wa zamani, akanitazama kama mtoto aliyemwagilia sofa. Nikamuuliza mbona mtungi wake unalowa nje. Akasema huo ameulowesha mwenyewe. Kabla ya mgeni kuingia, mtungi wa udongo mtupu hupitishiwa maji nje ili rangi iamke: kahawia huwa nyekundu, na majivu yaliyoyeyuka begani hung'aa kijani. Kwa hiyo ongeza chanzo cha nne, jirani yako.

Huenda umeambiwa uuchemshie maji ya mchele ili uzibe. Hilo ni kweli kwa vyungu vipya vya kupikia. Wanga huziba vitundu. Kwa mtungi wa miaka mia kadhaa usijaribu. Utalazimika kuuchemsha, ufa usioujua utafunguka, na wanga utakaobaki ni chakula cha ukungu. Silikoni, nta na vanishi ya mbao vinaziba kweli, lakini ni vya kudumu: mtu wa ukarabati akija kuvitoa baadaye atatoka navyo na udongo.

Unga mweupe

Chukua kijiti cha pamba, kiloweshe, gusa doa.

Kama halibadiliki, na ukipitisha kucha unahisi punje ngumu, hiyo ni feldispa. Imo ndani ya udongo tangu siku ya kwanza. Rafiki yangu wa Nagoya alishinda Jumamosi nzima akikwangua "ukungu" wa aina hii kwa mswaki, na aliupunguza kweli, pamoja na ngozi ya mtungi.

Kama linasambaa, linanata kidogo na lina harufu ya kabati la nguo za baridi, ni ukungu. Toa mtungi penye kona, uache penye upepo na kivuli, kisha upanguse kwa brashi laini kavu. Usitumie taulo. Nyuzi za taulo hunasa kwenye mawe na kubomoa chembe za majivu yaliyoganda.

Kama linayeyuka na kurudi baada ya siku chache, hapo kaa chini. Hiyo ni chumvi. Aliyewahi kuishi nyumba ya mawe Zanzibar anaijua hadithi hii: ukuta unapakwa chokaa, chumvi inatoka, rangi inabanduka, unapakwa tena. Chumvi hukaa kwenye vitundu ikiwa imeyeyuka. Maji yakikauka juu ya uso, yenyewe inabaki nje na kuganda. Kila inapoganda huvimba na kusukuma, na mwisho wake uso unachubuka kama ngozi ya samaki. Inaweza kuwa imeingia na miso, ile rojo ya soya yenye chumvi, au plamu za chumvi zilizowahi kukaa humo, au mtungi ulizikwa ardhini, au fundi wa jana alitumia dawa ya kung'arisha nguo. Hiyo ya mwisho ndiyo mbaya kuliko zote: klorini inaondoa doa leo, na chumvi yake inabaki ndani ya ukuta.

Kwa chumvi kidogo, brashi kavu na kuacha kabisa kuulowesha hutosha. Kuitoa mwilini mwa mtungi ni kazi ya kuloweka kwenye maji safi yasiyo na madini na kuyabadilisha tena na tena huku yakipimwa, na mtungi wenye kiraka cha zamani unaweza kufumuka ndani ya beseni. Hapo mtafute mhifadhi. Na kama unaupeleka mtungi Dar es Salaam, usiuoshe kwa maji ya kisima cha mtaani yenye chumvi. Utaitia wewe ile uliyokuwa ukiikimbia.

Kuna ufa. Uzibwe?

Tumelelewa na methali kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa iweke kando kidogo, kwa sababu nyufa nyingi za mitungi hii zina umri sawa na mtungi wenyewe, na ukuta bado umesimama.

Ufa wa tanuri una kingo za mviringo, kama mdomo wa kidonda kilichopona zamani. Mara nyingi majivu yaliyoyeyuka yameingia ndani na kuganda humo. Ufa huo hauwezi kuwa mpya, kwa kuwa kioo hicho hakikumwagika nyumbani kwako. Ufa wa kazi ni mwembamba, mkali, lakini una uchafu mweusi uliozama. Ufa wako wa wiki iliyopita ni mwembamba, mkali, na ndani ni mweupe au rangi ya udongo uliomegwa.

Kisha ubishe. Uweke juu ya blanketi iliyokunjwa, mkono mmoja ukiushika mdomoni bila kubana, na kwa kifundo cha kidole gonga tumboni, ukizunguka pole pole. Mzima hulia kama mlango wa mbao nzito, ngoo, na sauti huchelewa kufa. Penye ufa unaosogea hulia tak, ikakatika. Wangu una sehemu ya ukubwa wa kiganja inayosema tak, nami nilitangaza msiba nyumbani kabla sijagundua kwamba si ufa. Ni kiraka. Mtu wa kale alitia kipande kwa laka ya utomvu wa mti, na laka haipitishi sauti kama udongo. Kwa hiyo sauti peke yake haihukumu. Sauti pamoja na jicho, na kurunzi ndani ya tumbo usiku huku mwenzako akitazama nje.

Ufa mpya, hata mdogo, una kanuni moja: usiinue mtungi kwa mdomo wala kwa bega. Mkono mmoja chini ya kitako, mwingine ndani ya shingo ikiwa shingo ni pana, au ukikumbatia tumbo. Pete, saa na mkufu vivuliwe. Halafu usiguse gundi. Gundi ya dukani, ile ya sekunde tatu, hushika kweli, hubadilika manjano, na huchafua kingo ambazo mkarabati angezihitaji zikiwa safi. Ukiuvunja, okota mpaka unga wake. Mwaka 1995 mwizi aliyekimbizwa ndani ya nyumba moja ya hekalu la Todaiji, Nara, aliupiga chini mtungi mweupe wa Kikorea ambao mwandishi Shiga Naoya alikuwa ameutoa zawadi. Ulitawanyika vipande zaidi ya 300. Kwa kuwa viliokotwa hadi vumbi, leo umesimama katika jumba la makumbusho ya kauri la Osaka, na usipoambiwa utaupita.

Kiraka kinanata, au mkono unawasha

Kiraka cha manjano kinachovutia vumbi, laini ukikibonyeza kwa ukucha, ni utomvu wa kiwandani wa karne iliyopita. Kwa tochi ya miale ya urujuanimno (UV) kwenye chumba cha giza, mara nyingi hung'aa tofauti na udongo unaokizunguka. Hapo ndipo utashangaa kuona nusu ya "mdomo mzima" uliolipia. Usisugue kwa asetoni. Usogeze mtungi mbali na dirisha lenye jua, na kiraka ukiache.

Viraka vya kale ni laka ya urushi, utomvu wa mti. Hukandwa na unga wa ngano ukawa gundi, juu yake hupakwa laka tena, na wenye uwezo huinyunyizia dhahabu. Hii ndiyo kintsugi ambayo siku hizi kila mtu ana neno la hekima juu yake. Mimi nina neno la ngozi. Urushi ni ndugu wa mwembe na mkorosho, ukoo mmoja. Kama utomvu wa embe hukuvimbisha midomo, au uliwahi kubangua korosho kwa mkono kule Mtwara ukaona mafuta ya ganda yalivyokufanya, basi laka mbichi itakutambua mara moja. Laka iliyokauka vizuri kwa miaka haina neno. Kiraka kipya ndicho cha kuogopwa. Mwenzangu alijirekebishia bakuli kwa seti ya mtandaoni, akaugusa mtungi wangu na mikono yake yenye laka mbichi, na wiki mbili nilijikuna viganja bila kujua sababu. Udugu huo hata biashara inaujua: mafuta ya ganda la korosho hutengenezewa rangi inayotumika Japani badala ya urushi.

Laka ina tabia iliyo kinyume na rangi za kawaida: huhitaji unyevu ili kukauka. Fundi huweka kazi yake ndani ya kasha lenye joto na hewa ya majimaji. Ikishakauka, adui yake ni jua na ukame. Kiraka kikianza kuinuka kingo wakati wa baridi, tazama hita iko wapi. Nilikuwa nimeuweka mtungi mita moja kutoka kwenye hita ya mafuta ya taa. Hilo ni kosa langu la pili, baada ya tatami.

Unavuma usiku

Hili nimelitafuta sana na sijaliona likiandikwa. Saa saba usiku, nyumba kimya, mtungi unatoa mmm. Unaamka, unasikiliza, mtungi unanyamaza. Unarudi kulala, mmm.

Nilipomsimulia mama, aliye Tanga, alinyamaza kidogo kwenye simu.

"Mwanangu, uliuliza humo ndani mlikuwa na nini?"

"Mbegu, mama."

"Nani kasema?"

Swali lake si la kipuuzi. Baadhi ya mitungi ya matanuri haya, ya Tokoname hasa, ilizikiwa mifupa iliyochomwa. Nilirudi kuutazama kwa adabu mpya.

Ila chanzo cha mvumo kilikuwa friji. Tumbo kubwa lenye shingo nyembamba hujibu sauti moja ya chini inayolingana na ukubwa wake, vilevile chupa ya soda inavyojibu ukipuliza mdomoni. Kompresa ya friji ikiwaka, mtungi unaitikia. Ikizimika, unanyamaza. Kuthibitisha: zima friji dakika kumi. Kutibu: kanga moja kuukuu, ikunje, itumbukize ndani. Tangu hapo kimya. Mama namwambia ni kanga ndiyo iliyotuliza, na kila mmoja wetu anaelewa anavyotaka.

Kukwaruza kwa mbao, kri kri, si mtungi. Ni kigoda chake kikijinyoosha hewa inapobadilika.

Harufu

Fupi tu. Harufu ya pango ni unyevu uliofungiwa: ondoa kifuniko, weka mkaa mkavu uliofungwa kwenye kitambaa ndani kwa wiki mbili, badilisha. Harufu kali ya siki au samaki huenda ni ya chakula cha zamani, na hupungua kwa miezi. Sabuni yenye manukato itaingia vitunduni na hutaitoa. Na ukiacha maji ya maua yasimame siku nne kiangazi, unafuga mbu, Japani kama Tanga.

Unayumba

Angalia kitako. Mara nyingi kimebeba donge la udongo wa tanuri lililogandia, au kimebonyea kwa uzito wakati udongo ungali laini. Usilisage. Donge hilo ni sehemu ya cheti chake. Tafuta kigoda, na chini ya upande ulio juu sukumia ukanda wa ngozi au kitambaa kilichokunjwa.

Japani kuyumba kuna maana nyingine. Asubuhi ya Januari 17, 1995, tetemeko la Kobe lilimwaga makabati ya mji mzima, na la Noto, Januari 1, 2024, liliharibu matanuri ya Suzu, ambako ufinyanzi wa kijivu wa kale ulikuwa umefufuliwa. Nyumbani, mahali pazuri pa mtungi ni sakafuni au juu ya kigoda cha kimo cha goti, kamwe si juu ya kabati. Tia ndani kifuko cha mchanga mkavu wa kilo mbili tatu, kwenye mfuko imara, ili uzito ushuke kitakoni. Makumbusho hufunga pia uzi wa nailoni shingoni. Zile gundi laini za kuzuia vyombo visianguke ni nzuri kwa runinga, lakini kwenye udongo mtupu huacha doa la mafuta, na zikibanduliwa kwa nguvu huondoka na ngozi.

Sanduku halifunguki

Mitungi mizuri huja na sanduku la mbao za mti uitwao kiri, nyepesi kama kifuu, limefungwa kwa utepe bapa wa pamba. Msimu wa mvua kifuniko kinavimba na kugoma. Usitumie bisibisi. Kiri huvimba ili unyevu usiingie, ndiyo kazi yake. Subiri Oktoba. Maandishi juu ya kifuniko yapige picha, usiyafute, na usiyaamini moja kwa moja: sanduku na mtungi huachana na kuolewa upya sokoni. Pima. Likiwa linabana bega au linaacha nafasi ya ngumi, hawakuzaliwa pamoja.

Unaonekana wa kale mno

Hii ni dalili pia. Mwaka 1959 serikali ya Japani iliutambua kuwa mali muhimu ya utamaduni mtungi mmoja wa kileo, ulioandikwa mwaka wa pili wa enzi ya Einin, yaani 1294, ukidaiwa kuwa wa Seto. Aliyeupigia debe alikuwa Koyama Fujio, mtaalamu aliyetupa hilo jina la matanuri sita ya kale. Ikaja kubainika kwamba umetengenezwa karne ya 20. Mfinyanzi Kato Tokuro alisema ni kazi ya mkono wake. Mwaka 1961 utambuzi ukafutwa, na Koyama akawa ameacha kazi. Kama yeye alikosea, mimi na wewe tusijitie ujuzi kwa kutazama picha za mnada.

Ninachofanya ni kutafuta kinachopingana. Kitako kilichochakaa, lakini si pale kinapogusa sakafu. Uchafu wa "miaka mia tano" unaotoka kwa kitambaa chenye maji. Pengo la mdomoni lenye kingo kali huku mwili mzima umelainika. Wangu una alama mbili za mstatili kitakoni, ambazo Wajapani huzifananisha na meno ya viatu vya mbao vya geta, na wauzaji huzionyesha kama pasipoti. Mwigaji naye anajua kuzipiga. Umri wa wangu nimeuacha kwenye "siku nyingi", kama nilivyouziwa.

Mwaka uliofuata nilimkuta tena yule mzee pale Toji, amekalia mtungi mwingine. Akaniuliza kama ule wangu unavuja. Nikamwambia unavuja, sehemu mbili. Akaitikia kwa kichwa, akainuka kidogo, akanionyesha alichokalia: ulikuwa umelowa.